Kila Kiatu Kimtaje Mwenzake

Jumatatu, 2 Machi

Chiriku, binti wa kaka yangu,

Shikamoo yako nimeiitikia kabla hujaitoa, kwa hiyo twende kwenye mambo. Najua utauliza kwa nini sipigi simu kama watu wengine. Sikio la kulia lilikwenda na makelele ya cherehani miaka mingi, na la kushoto sasa linamfuata nduguye. Kwenye simu nasema "ndiyo, ndiyo," nisijue nimekubali kuolewa na nani. Barua hainipiti neno.

Nina swali la kazi, na wewe ndiye mwenye kazi hiyo. Zamani viatu vyangu vilikaa kwenye ukurasa wa nchi jirani wa hilo duka lenu la mtandaoni, na oda zilikuja, chache lakini zilikuja. Mwezi wa nane mkafungua ukurasa wa nchi yetu, mkanihamishia huko. Nilifurahi, nikanunua ngozi mpya. Tangu siku hiyo nimepata oda mbili. Moja ni yako, usidhani sikuitambua anwani. Nani mwingine mwenye miguu iliyo sawa angeagiza kiatu cha mguu mfupi?

Sasa duka limeniandikia. Muuzaji asiyefikisha oda kumi ifikapo tarehe 30 Aprili ataondolewa. Hapa mtaani wote wanaochechemea nimeshawavisha. Watu wenye mguu mmoja mfupi hawajazi mtaa, mwanangu, wametawanyika, mmoja huku mmoja kule, na bila hilo duka sina njia ya kuwafikia. Nikiondolewa nafunga karakana, hilo nakwambia waziwazi.

Kama kiatu changu ni kibaya, niambie. Nina umri wa kutosha kuambiwa.

Mimi hapa, sina neno, karakana ina nafasi kubwa siku hizi na hewa inapita vizuri.

Shangazi yako

*

Jumatatu, 9 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo tena, maana ile ya kwanza uliipora.

Nimeisoma barua yako ofisini, kwenye meza yangu ya karibu na mashine ya kahawa, nikacheka hadi jirani yangu akageuka kuniangalia. Ndiyo, oda ilikuwa yangu. Kiatu hakina kasoro. Nimekivaa nikaenda nacho kazini, na kila mtu ameuliza nilikonunua.

Ngoja nikueleze ninachofanya, kwa sababu nyumbani mkisikia "lebo" mnadhani nabandika vikaratasi kwenye magunia. Duka letu liko nchi thelathini na moja. Ukurasa wa viatu vya mguu mfupi uko mara thelathini na moja, kila mmoja kwa lugha na nchi yake. Sasa mtu akitaka kiatu, haji kwetu moja kwa moja. Anaandika maneno kwenye mtambo wa kutafuta, ambao si wetu, na mtambo ndio unaoamua umpeleke ukurasa upi. Sisi tunachoweza ni kuuwekea kila ukurasa lebo ambayo mteja haioni, inayosema: mimi ni wa lugha hii, wa nchi hii, na ndugu zangu ni hawa na hawa. Mtambo ukiisoma unajua nani apelekwe wapi.

Shangazi, kazi hii inanishangaza kila siku na sijapata wa kumwambia. Ukutani kwetu kuna skrini yenye maneno ambayo watu wameandika kabla ya kufika dukani. Yanapita moja baada ya jingine. Kuna herufi zinazotoka kulia kwenda kushoto. Kuna herufi ambazo kila moja ni kama kibanda kidogo chenye paa. Wiki jana nilimwomba kila mwenzangu anitafsirie ya lugha yake, na karibu wote walinisomea kitu kilekile: kiatu cha mguu mfupi, kiatu cha mguu mfupi, kiatu cha mguu usiolingana. Nilisimama pale na kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa. Nilidhani dunia nzima mwenye mguu huo alikuwa baba peke yake.

Nimeukagua ukurasa wenu. Nina programu niliyoiandika mwenyewe, inapita kila ukurasa na kuuliza: umewataja ndugu zako? Zote thelathini na moja zimejibu ndiyo, kijani kitupu. Sioni kosa. Lakini sijakata tamaa, nitachimba.

Hiyo nafasi kubwa na hewa ni maneno gani? Meza ya kukatia ngozi imekwenda wapi?

Wako,
Chiriku

*

Jumapili, 15 Machi

Chiriku,

Meza nimeisogeza. Usinipeleleze.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Hayo ya skrini nimemsomea na jirani wa ushonaji nguo, naye akaacha sindano hewani. Kwa hiyo hao watu wapo. Nimekaa miaka thelathini hapa nikidhani natengeneza kitu cha watu wachache wa mji mmoja, kumbe kuna mtu upande wa pili wa dunia, anayelala sisi tukiamka, aliyeandika maneno hayohayo kwa vile vibanda vyenye paa. Niliitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Sasa nikuulize, maana kuna kitu hakikuniingia. Unajua viatu vyangu havifanani. Cha kulia kinaweza kuwa na soli yenye unene wa vidole viwili na cha kushoto soli ya kawaida. Nikiwa na jozi sita mezani vinachanganyika hivi hivi naona, na mtu akipewa kiatu kilichopungua hata unene wa sarafu, kiuno kinamuuma mwaka mzima. Ndiyo maana chini ya soli ya ndani ya kila kiatu naandika namba ya mwenzake. Cha kushoto kinakitaja cha kulia, cha kulia kinakitaja cha kushoto. Kabla ya kufunga boksi nainua soli zote mbili. Si moja. Kiatu kinachomtaja mwenzake sikiamini mpaka mwenzake naye akitaje.

Hiyo programu yako inauliza, "umewataja ndugu zako?" Sawa. Na ndugu je, wamemtaja yeye? Unainua soli moja au mbili?

Labda nauliza upuuzi. Mimi ni mshona viatu.

Fundi wa mabegi alipita juzi kunisalimia. Aliisalimia zaidi cherehani ya ngozi.

Shangazi yako

*

Ijumaa, 20 Machi

Shangazi, shangazi, shangazi!

Shikamoo mara kumi.

Barua yako ilinikuta nimekaa. Nilipofika pale pa soli mbili nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Jirani yangu wa meza akaniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Nilikuwa nainua soli moja. Ukurasa wenu ni wa thelathini na moja, wa mwisho kufunguliwa, na umewataja ndugu zake wote thelathini, kwa adabu, kila mmoja kwa lugha na nchi yake. Nikaandika programu nyingine, ya kuuliza upande wa pili. Hakuna hata mmoja aliyeutaja. Thelathini kwa sifuri. Skrini ilijaa nyekundu hadi chini.

Na mtambo wa kutafuta una sheria kama yako. Ukurasa ukidai kuwa ndugu wa mwingine, na yule mwingine akakaa kimya, mtambo hauamini, unaupuuza. Isingekuwa hivyo kila mpita njia angejidai ni wa ukoo wa duka kubwa. Kwa hiyo miezi yote hii mtu wa huko kwenu akitafuta kiatu, alipelekwa kwenye ukurasa wa nchi nyingine, kwa lugha asiyoijua vizuri, na chini pameandikwa: bidhaa hii haifiki ulipo. Nimetazama kumbukumbu zetu. Mwezi uliopita peke yake watu mia mbili na kumi na wanne wa nchi yenu walifika kwenye kurasa hizo za viatu, wakasoma mstari huo, wakaondoka.

Mia mbili na kumi na wanne, shangazi. Kiatu chako si kibaya.

Mtu fulani alisahau kurudi kwenye zile kurasa thelathini wakati ukurasa wenu unafunguliwa. Mambo hayo hutokea. Mkuu wangu ameruhusu tusahihishe, na Jumanne tutazipitia zote. Ila uwe na subira. Mtambo hauoni siku hiyohiyo. Unapita ukurasa kwa ukurasa kama msoma mita, leo mtaa huu, kesho ule, na hatujui zamu yetu ni lini. Huwa wiki mbili, pengine nne.

Huyo fundi wa mabegi mwambie salamu zimetosha.

Wako,
Chiriku

*

Jumamosi, 11 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Wiki mbili na siku zake zimepita. Oda ni mbili zilezile. Silaumu mtu, nakupa habari tu.

Sikupenda kukuambia, lakini umri wangu na uongo haviendani tena. Meza ya kukatia niliiuza Februari. Cherehani nimepeana mkono na fundi wa mabegi, atakuja kuichukua Jumatano tarehe 29. Ni mtu mwema, ataipaka mafuta. Kalibu za mbao ninazoumbia viatu nitabaki nazo, hazina kazi kwa mtu mwingine, kila moja ni mguu wa mtu.

Nimelia siku moja, nikamaliza. Usipande gari kuja huku, hapana cha kufanya.

Kitu kimoja. Huyo "mtu fulani" aliyesahau, mtu gani? Kama mnamjua, msimwadhibu. Kusahau upande mmoja ni rahisi kuliko mnavyodhani ninyi wa kompyuta.

Shangazi yako

*

Alhamisi, 16 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo.

Mtu fulani ni mimi.

Niliukuta ukweli siku ileile niliyoinua soli ya pili. Kila lebo ina jina la aliyeiandika na tarehe. Jina ni langu. Tarehe ni ya wiki niliyorudi kazini baada ya kumzika baba. Siandiki hivyo ili unihurumie, ni kwa sababu ndivyo ilivyo. Niliufungua ukurasa wenu kwa furaha, nikijua ni wako, nikautajia ndugu zake wote. Kisha nadhani niliona kazi imeisha, nikazima kompyuta. Halafu nikaandika programu ya kuhakikisha, nayo ikawa inarudia kosa lilelile kwa upande uleule, ikinijibu kijani kila asubuhi kwa miezi saba.

Mimi ndiye niliyekufungia mlango, shangazi, kisha nikaagiza jozi moja nijione nimesaidia.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa. Nilidhani oda zitaanza kuingia haraka na hutakumbuka kuuliza. Mkuu wangu nilimwambia palepale. Akasema, "Basi nchi zote uzirudie wewe, moja moja, bidhaa zote." Nazirudia. Nimefika ya ishirini na sita. Kila ninapofungua ukurasa nawaza: mguu wa nani uko nyuma ya huu.

Mtambo umeshapita kurasa kumi na tisa kati ya zile thelathini za viatu tulizosahihisha. Nahesabu kila siku nikifika, kabla ya kuvua koti. Zimebaki kumi na moja, na siku zimebaki kumi na nne.

Nakuomba umwambie fundi wa mabegi asubiri wiki moja. Nakuomba unisamehe, hata usipomwambia.

Chiriku

*

Alhamisi, 30 Aprili

Chiriku, we mtoto,

Kaa chini. Kama umesimama, kaa.

Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nikiwa nafungasha kalibu kwenye maboksi, akaingia mwanamume wa makamo na simu mkononi. Anaisogeza simu machoni, ananiangalia, anaisogeza tena. Akauliza kwa sauti kubwa, nami nikasikia vizuri: "Mama, hapa ndipo?" Nikamwambia hapa ndipo wapi. Akanionyesha. Kiatu changu, jina la karakana yangu, kwa lugha yetu, na chini pameandikwa: kinafika ulipo.

Ni fundi saa. Anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa, pale penye duka la vioo. Mtaa wa tatu, Chiriku! Nami nilijisifu kwamba wote nimewavisha. Amekuwa akitafuta kiatu mtandaoni tangu mwaka jana, analetewa ukurasa wa nchi ya mbali, anaambiwa hakifiki, anafunga. Miaka tisa anakunja kitambaa anajaza kwenye kiatu. Nilipomwona akitembea nilijua ni vidole viwili kasoro kidogo, na nilikuwa na jozi inayomtosha kwenye rafu, nikamvisha.

Alisimama. Akatazama mlango, akatazama dirisha, akatazama rafu. Akasema taratibu, "Mbona chumba kimenyooka?"

Nimeshona miaka thelathini na sijawahi kusikia mtu akisema hivyo. Nilishika kifua. Jirani wa ushonaji nguo alikuja kuona kuna nini, akatukuta wote wawili tunaangalia ukuta kama tumeonyeshwa mbingu.

Aliagiza jozi ya pili palepale kupitia duka lenu, kwa sababu nilimwambia nahitaji kufikisha oda kumi. Siku iliyofuata zikaingia tatu. Ijumaa tano. Kuna mwalimu wa hesabu, kuna dereva wa trekta, kuna bibi mmoja aliyetuma mchoro wa nyayo zake na kuandika pembeni, "Ni kweli upo?" Nimeubandika ukutani. Hadi leo ni oda kumi na tisa, na yako nimeihesabu, sina aibu. Duka limeniandikia kwamba nabaki.

Fundi wa mabegi alikuja jana na mkokoteni na wabebaji wawili. Akakuta cherehani inanguruma. Akasimama mlangoni, akaangalia oda, akavua kofia, akasema, "Hii siwezi kuichukua, nitalaaniwa." Wabebaji akawarudisha. Yeye amebaki ananikatia soli za ndani. Anakata vizuri kuliko mimi, ila usimwambie.

Sasa hilo la kwako. Ulidhani nitakasirika, nami sikukujibu wiki mbili kwa sababu nilikuwa natafuta kitu kwenye maboksi. Sikiliza.

Jozi ya kwanza niliyowahi kushona ya namna hii ilikuwa ya baba yako. Kwenye meza ilikaa pamoja na jozi ya mlinzi mmoja mwenye mguu kama wake, ngozi moja, rangi moja. Nilimwandika mwenzake ndani ya cha kushoto cha kaka yangu, nikajiona fundi mkubwa, cha kulia sikukiandika. Nikafunga maboksi. Cha kulia cha kaka kikaenda kwa mlinzi, na cha mlinzi, kilichopungua unene wa kidole, kikaenda kwa kaka. Alikivaa miezi mitatu. Nilimwona anachechemea kuliko mwanzo, nikamuuliza, akanijibu, "Kinazoea." Hakutaka kunivunja moyo. Ni mlinzi aliyekuja kulalamika ndipo tukabadilishana. Nilitaka kukiandika cha kulia siku hiyo. Baba yako akanizuia mkono, anacheka. Akasema, "Kiache hivyohivyo, ndicho kilichokufundisha." Tangu siku hiyo nainua soli mbili.

Kwa hiyo kosa lako lina mwenyewe, nami ndiye niliyeanza. Nimekusamehe kabla hujaomba, kama ile shikamoo.

Tulipomzika, mama yako alibaki na kiatu cha kulia, chenye soli nene, na najua kwamba kiko kwako. Cha kushoto nilikichukua mimi. Sikumwomba mtu. Nilikificha chini ya kalibu zake kwa sababu nilitaka na mimi niwe na kitu. Kimo ndani ya mzigo huu. Inua soli ya ndani.

Shangazi yako, fundi bado

*

Ijumaa, 8 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na hii uipokee taratibu.

Nimemaliza nchi zote thelathini na moja. Tulikuta kurasa nyingine nne zenye kosa kama lenu, za bidhaa nyingine, na hakuna aliyekuwa amelalamika. Watu walisoma "haifiki ulipo" wakaamini. Sasa ofisini ukurasa mpya hauruhusiwi kutoka mpaka uulizwe pande zote mbili, na kazi hiyo tumeiita kuinua soli. Jirani yangu wa meza hajui neno lingine la lugha yetu, lakini jana alipiga kelele toka upande wa pili wa chumba, "Umeinua soli?" na wenzangu wa lugha tisa wakaelewa. Nilitamani ungekuwepo.

Mzigo wako ulifika Jumanne. Sikuufungua hadi leo, niliogopa.

Nimeviweka viwili mezani, cha kushoto kando ya cha kulia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kimoja kirefu, kimoja kifupi. Nilidhani vitaonekana vya ajabu, lakini vilipokaa pamoja nilimwona amesimama, shangazi. Wima kabisa. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa jokofu.

Nikainua soli ya kushoto kwa kisu cha siagi. Mwandiko wako wa ujana, herufi kubwa zinazopanda juu: MWENZANGU WA KULIA, VIDOLE VIWILI, WA KAKA. Nikainua ya kulia. Hakuna kitu. Ngozi tupu, na alama ya vidole vyake vitano, vimeingia ndani kama kwenye udongo.

Nililia vizuri, kisha nikanawa mikono, nikatafuta kalamu isiyofutika. Najua alikuzuia mkono wewe. Mimi hakunizuia.

Nimeandika: MWENZANGU WA KUSHOTO, SOLI YA KAWAIDA. YUPO.

Binti wa kaka yako